Maswali ya walimu: Watoto 96, madawati 28, dakika 40

Barua nyingi za muhula huu zinalalamikia kelele. Tumejibu saba. Majina ya waandishi na ya shule zao tumeyaacha, na barua ndefu tumezifupisha.

Dakika kumi za mwanzo zinapotea

*Shikamooni. Nimeajiriwa mwaka huu na nimepewa Hisabati, Darasa la Tatu. Watoto ni 96, madawati 28. Kipindi ni dakika 40, lakini mpaka wakae, wapate madaftari na watulie, kumi zimeshakwisha. Nikipaza sauti wananyamaza, nikigeukia ubao wanaanza upya. Kufika jioni sauti imekauka. Nianzie wapi? (Mwalimu mpya, Kahama)*

Marahaba, mwalimu. Anza na saa. Mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja, aandike kila mara watoto wanapokuwa hawana cha kufanya: wanasubiri madaftari, wanakusubiri umalize kuandika ubaoni, wamesimama foleni ya kusahihishiwa. Asihesabu utundu, ahesabu kusubiri tu. Ukiangalia karatasi yake utakuta kelele nyingi zimezaliwa kwenye dakika hizo. Mtafiti wa Marekani, Jacob Kounin, aliyechapisha kazi yake mwaka 1970, alilinganisha walimu wenye madarasa tulivu na wale waliozidiwa, akitaka kujua nani anakemea vizuri zaidi. Katika kukemea hakuona tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kabla ya kosa: wale wa kwanza waliona mambo mapema, hawakukatiza kazi ovyo, na hawakuacha mwanya katikati ya shughuli moja na nyingine.

Fanya na hesabu hii. Dakika 40 ni sekunde 2,400. Zigawe kwa watoto 96, kila mmoja anapata sekunde 25. Kumhudumia mmoja mmoja haiwezekani, kwa hiyo kukaa, kugawa na kuanza kazi lazima viende bila kukutegemea wewe.

Kukaa kwanza. Panga safu nne za kwenda nyuma, kila safu madawati saba. Safu mbili za pembeni zisogeze hadi ukutani, ubaki na njia tatu katikati. Hapo hakuna dawati usiloweza kulisogelea. Katika kila safu, madawati matatu ya mbele yachukue watoto wanne wanne wenye miili midogo, manne ya nyuma yachukue watatu watatu. Hiyo ni 24 kwa safu, na safu nne ni 96 kamili. Kila dawati lipe namba, kila mtoto ajue nafasi yake, na asihame bila ruhusa. Mtoto asiyeona vizuri au asiyesikia vizuri abaki mbele hata kama ni mrefu, ila mweke upande wa ukutani asiwazibe wenzake. Ukiwaachia wachague pa kukaa kila asubuhi, utakuwa unaanza mwaka upya kila siku.

Kuna walimu watakaokwambia uwapange kwa makundi ya kuzungukiana, kwamba ndiyo ufundishaji shirikishi. Kwa watoto 96 nusu yao watakuwa wamekupa mgongo na wameupa ubao mgongo. Safu zinatosha, kazi ya kundi inawezekana hata kwenye safu, tutaieleza mbele.

Madaftari. Rundo la kila safu liwe na mpangilio wa madawati: ya dawati la mbele juu kabisa, ya dawati la nyuma chini kabisa. Kiongozi wa safu analiweka rundo dawati la mbele, kila dawati linachukua yake na kupitisha nyuma. Wakati wa kukusanya, anzia nyuma: dawati la mwisho linaweka yake, la mbele yake linaweka juu, hivyo hivyo hadi mbele. Rundo linarudi likiwa na mpangilio uleule wa kesho, hakuna wa kuita majina. Wazoeze kwa siku tatu mfululizo, ukipima kwa saa mbele yao. Lenga chini ya dakika mbili. Linaloharibu utaratibu huu ni mwalimu mwenyewe kulichambua rundo ofisini akalirudisha vurugu. Ukisahihisha, ligeuze kifudifudi daftari baada ya daftari, mwisho ulipindue lote.

Kazi ya kuanzia iwe ubaoni kabla hawajakaa: hesabu tatu za jambo walilolifahamu wiki iliyopita, dakika nne. Zisiwe mpya wala ngumu, maana mtoto aliyekwama anamgeukia jirani, na jirani anamgeukia mwingine. Kama mwalimu aliyetangulia huujaza ubao wote, kubaliana na mwalimu wa darasa mtenge upande wa kulia upana wa hatua moja, usifutwe na mtu mwingine. Au andika kwenye manila (karatasi ngumu kubwa) ofisini, uje kuibandika.

Ishara ya kutulia iwe moja, na usiibadilishe. Mkono juu na vidole vitano vinavyokunjwa kimoja kimoja kimyakimya inafaa. Makofi ya pa-pa-pa yanawafaa wa Darasa la Kwanza na la Pili, ila yanawachangamsha zaidi ya kuwatuliza, na kama ukuta wa darasa haufiki kwenye paa, umemsumbua na jirani. Sharti ni hili: usiseme neno mpaka wote watulie. Mwalimu anayenyoosha mkono huku anaanza kueleza amewafundisha kwamba ishara haina maana.

Kuhusu sauti: ukigeukia ubao unasemea ukuta, na hapo ndipo unapolazimika kupiga kelele. Andika kwanza kimya, kisha geuka uzungumze. Au simama ubavuni mwa ubao, bega likielekea darasa, uandike mistari miwili na kutazama. Baadaye nenda ukasimame nyuma kabisa, usome ulichoandika. Usipoweza kusoma, na wao hawawezi, na wana haki ya kuulizana.

"Tumeelewana?" "Ndiyooo!"

*Nikiuliza wote wanajibu "ndiyo". Nikitoa zoezi, robo tu wanapata. Wanaonyoosha mikono ni wale wale sita. (Mwalimu wa Sayansi, Darasa la Tano, Lindi)*

Swali la "tumeelewana?" lina jibu moja tu, na watoto wanalijua tangu chekechea. Liache. Kibwagizo, yaani wote kujibu kwa pamoja, kina mahali pake: silabi, jedwali la kuzidisha, kurudia neno jipya. Nje ya hapo kinaficha, kwa sababu mtoto akichezesha midomo tu hutamjua.

Badala yake andika swali lenye majibu matatu na uyape namba. Wape muda wa kufikiri, kisha sema "onyesha". Kila mtoto aweke kidole kimoja, viwili au vitatu kifuani, si juu. Kifuani jirani haoni vizuri, wewe wa mbele unaona. Pitisha macho safu kwa safu. Kwa sekunde kumi umeshajua kama uendelee au urudie. Majibu yasiyo sahihi yachague kutoka kwenye makosa yao halisi. Kama swali ni sehemu ya mmea inayotengeneza chakula, weka jani, mzizi na shina, kwa kuwa wengi wanaamini mmea unakula kupitia mzizi. Ukiweka jani, jiwe na kiatu, hujauliza kitu.

Muda wa kufikiri ndio walimu wengi wanaoukosa. Mary Budd Rowe wa Marekani alipima miaka ya 1970 akakuta walimu wanasubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu kabla ya kusema tena. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya walianza kujibu. Hesabu kimoyomoyo. Tatu ni ndefu kuliko unavyodhani.

Kwa wale sita: andika majina yote kwenye vijiti au vipande vya boksi, weka kwenye kopo. Uliza kwanza, subiri, ndipo uchomoe jina. Ukitaja jina kabla ya swali, wengine wote wamepumzika. Na aliyejibu mrudishe koponi, la sivyo anajua zamu yake imepita mpaka Ijumaa.

Bila fimbo hawasikii

*Mnasema nidhamu bila viboko, lakini wazazi wenyewe wanatuambia tuwachape. Nikienda darasani mikono mitupu wananidharau. Sheria inasemaje hasa? (Mwalimu, Mara)*

Tanzania Bara viboko havijafutwa shuleni, lakini ruhusa yake ni finyu kuliko watu wanavyoishi nayo. Kanuni zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002, chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Ni kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi viboko vinne kwa mara moja, kwa fimbo nyepesi, kwenye kiganja au kwenye makalio mtoto akiwa amevaa nguo. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule ikiwa haina. Na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu chake. Kwa hiyo mwalimu anayeingia darasani na fimbo kwapani na kuchapa aliyekosa hesabu yuko nje ya kanuni, hata kama mzazi amempa baraka zote. Mzazi hana mamlaka ya kukuongezea kiboko cha tano. Walio Kenya wajue kwamba kwao Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kabisa.

Tuache sheria kidogo. Fimbo ina kasoro ya kikazi: inafanya kazi ukiwepo. Ukitoka kwenda ofisini, utulivu unatoka na wewe.

Panda ngazi hizi polepole, na usiruke. Kwanza mtazame bila kukatiza somo. Asipoacha, endelea kufundisha huku ukitembea hadi dawati lake. Ndiyo maana tulisisitiza njia kati ya safu. Gusa daftari lake kwa kidole, pale alipotakiwa kuwa anaandika. Kisha inama umwambie kwa sauti ya chini maneno mafupi: "Namba mbili. Narudi." Uondoke. Usisimame kumngojea atii, kwani wenzake wanatazama na atalazimika kujionyesha. Rudi baada ya dakika moja kweli. Likizidi, mhamishe kiti, na kipindi kikiisha zungumza naye dakika mbili akiwa peke yake: nini kilitokea, kimemuumiza nani, kesho atafanya nini. Andika tarehe na kilichotokea. Ikifika mara ya tatu ndani ya wiki mbili, mwone mwalimu wa malezi na umwite mzazi, daftari la kumbukumbu likiwa mezani. Mzazi akisomewa tarehe anasikiliza. Akiambiwa "mwanao mkorofi" anajitetea.

Tunayokataa wazi: kumtoa mtoto nje ya darasa bila mtu wa kumwangalia, maana akipatwa na jambo huko aliyemtoa ni wewe, kupigisha magoti, kuadhibu darasa zima kwa kosa la wawili, na kuwapa ufagio kama adhabu, kisha Ijumaa tunawahimiza wapende usafi.

Jina la binti yangu limo kila siku

*Mimi ni mzazi. Kiranja anaandika wapiga kelele, na binti yangu yumo kila siku. Anasema asipompa kiranja ubuyu anaandikwa. Niende shuleni? (Mama wa Darasa la Nne, Temeke)*

Nenda, dada, ila usiende kumshtaki kiranja. Naye ni mtoto wa miaka kumi aliyepewa kazi ya hakimu. Utaratibu wa kuandika majina umeenea Afrika Mashariki yote na matokeo yake ni hayohayo: ubuyu, visasi, na rafiki wa kiranja asiyeandikwa kamwe. Mwalimu anapoadhibu kwa karatasi hiyo anaadhibu asichokiona. Mwombe mwalimu wa darasa ampe kiranja kazi zinazoonekana: kufuta ubao, kugawa vitabu, kuhesabu waliohudhuria, kwenda kumwita mwalimu wa zamu kama kipindi hakina mtu. Na kipindi kisicho na mwalimu kiwe na kazi ubaoni. Watoto 80 wasio na kazi wala mkubwa watapiga kelele, awe anaandika majina malaika.

Kazi ya vikundi imegeuka soko

*Nafundisha Gredi ya 8. Mtaala wa umilisi unataka vikundi, lakini kwangu wawili wanafanya, wengine wanapiga gumzo. Nina wanafunzi 62 na vikundi vinane. (Mwalimu, Kilifi)*

Vikundi vinane kwa wanafunzi 62 ni watu saba au wanane kila kimoja. Hapo ndipo tatizo lilipo: karatasi moja haisomeki na watu wanane, walio mbali nayo watatafuta shughuli nyingine. Punguza hadi wanne. Walio dawati la mbele wageuke nyuma, basi, hakuna kuburuta madawati. Utapata vikundi 15, viwili vikiwa na watu watano.

Mpe kila mmoja kazi: msomaji wa swali, mwandishi, mtunza muda, na msemaji. Penye watano, wa tano awe mkaguzi wa jibu kabla halijaandikwa. Msemaji mchague wewe mwishoni, bila kuwatangazia mapema. Asiyejua kama atasimama yeye atasikiliza. Zungusha kazi kila kipindi, la sivyo mwenye mwandiko mzuri atakuwa karani mwaka mzima.

Swali liwe na zao moja linaloonekana: jedwali lenye mistari minne, mchoro wenye majina sita, sababu mbili na mfano wa kila moja. "Jadilini uchafuzi wa mazingira" haina mwisho, kwa hiyo haina mwanzo pia. Andika ubaoni saa ya kumaliza, si idadi ya dakika: "hadi 4:25". Katika kipindi cha dakika 40, kundi lisipewe zaidi ya 12. Wakimaliza mapema ni afadhali kuliko wakachoka.

Dakika mbili za kwanza usimsaidie mtu. Simama pembeni uone nani hajaanza. Ukikimbilia kundi la kwanza lililoita, 14 yaliyobaki hayana macho yako. Baada ya hapo zunguka, na ukiwa umeinama kwenye kundi elekeza uso wako kwenye darasa, si ukutani. Kuripoti: chukua vikundi vitatu tu, vilivyobaki viongeze ambalo halijasemwa. Ripoti 15 zinazofanana ndizo zinazozaa gumzo.

Madaftari 96 nayasahihisha lini?

*Nina vipindi 28 kwa wiki. (Mwalimu, Kasulu)*

Huwezi kusahihisha yote kila siku, na hakuna anayefaidika ukijaribu. Kwa dakika moja kwa daftari, 96 ni zaidi ya saa moja na nusu, na tiki zilizopigwa kwa uchovu hazimfundishi mtoto chochote. Chukua safu moja kwa siku: 24 Jumatatu, 24 Jumanne, hadi Alhamisi umewapitia wote. Ijumaa rudia waliokwama tu. Toa hesabu tano badala ya kumi, ya tano iwe ngumu kidogo kwa wanaowahi.

Foleni kwenye meza yako ife. Watoto 30 waliosimama hawana kazi, wanasukumana, nawe umezibwa usione darasa. Wewe ndiye utembee na kalamu nyekundu. Ndani ya dakika tano za kwanza sahihisha hesabu ya kwanza peke yake kwa wengi uwezavyo. Aliyekosa hapo ataikosa mpaka ya tano, mwokoe mapema. Kubadilishana madaftari kunafaa kwa mazoezi yenye jibu moja, huku wewe ukisoma majibu. Kwa insha hakufai, na alama za kubadilishana usizipeleke kwenye taarifa ya mzazi.

Mvua juu ya bati

*Masika darasa letu halina dari. Mvua ikianza hakuna anayesikia. (Mwalimu, Muheza)*

Usishindane nayo. Weka kazi ya mvua tayari, iliyoandikwa kwenye manila na kuviringishwa kabatini: maswali kumi ya marudio, au kifungu cha kusoma kimya na maswali matano. Wazoeze siku ya jua ishara ya kuianza, kwa mfano ukiinua manila juu kila mmoja afungue ukurasa wa nyuma wa daftari. Wanaokaa chini ya tundu la bati wajue mapema madawati watakayohamia, na madirisha yasiyo na vioo yaachwe wazi upande usiopigwa na upepo, kwa kuwa chumba kikiwa giza hawataiona manila yenyewe. Tumia kalamu ya wino mzito mweusi; ya kijani na ya njano hazisomeki siku ya mawingu.